Kadi ya Kunasa Kicheko cha Bibi

"Inaandika nini?" Mama Pacha aliuliza, mikono kiunoni, kitambaa cha kichwa kimeshaanza kuteleza kwa hasira. "Nakuuliza kwa adabu, Tulia. Mama yangu amecheka mbele za watu, mdomo wazi, mikono imejaa sahani, na wewe umesimama pale na kamera yako shingoni. Halafu unaniambia haikupiga kwa sababu ilikuwa inaandika. Kwani ni karani?"

"Ilikuwa inaandika picha zilizotangulia, dada," Tulia alisema. "Ikiwa inaandika haipigi. Mimi nilibonyeza, yenyewe ikagoma. Kuna kitaa chekundu huwa kinawaka hapa pembeni."

"Kitaa chekundu."

"Ndiyo."

"Na hizo picha zilizotangulia zilikuwa za nini?"

Tulia akaangalia viatu vyake. Ua zima tulijua zilikuwa za nini.

Zilikuwa za mjomba wa bwana harusi. Jumamosi iliyopita Mama Pacha alimwoza mmoja wa pacha wake, yule aliyetangulia kuzaliwa, na mpiga picha alikuwa Tulia, jirani wa mlango wa pili. Jina hilo alipewa na mtaa, kwa sababu hajawahi kumpiga mtu picha bila kumwambia kwanza "tulia hapo." Sherehe ilikwenda vizuri mpaka mjomba wa bwana harusi, mtu mwenye kilo zake na suti ya rangi ya maziwa, alipoketi kwenye kiti cha plastiki chenye ufa. Tulia aliona mguu wa kiti unaanza kukunjika. Akabonyeza kitufe na kukishikilia. Tunazo picha za mjomba akianza kuinama, mjomba akitafakari, mjomba akitafuta kitu cha kushika, mjomba amepata kitambaa cha meza, mjomba na kitambaa na keki wakishuka pamoja. Ukizipitisha upesi upesi ni sinema kamili. Upande wa bwana harusi umeomba zifutwe. Upande wa bibi harusi, yaani ua letu, umeomba nakala.

Basi wakati mjomba anatua, Bibi, mama yake Mama Pacha, alikuwa anapita na sahani zimepangwa mpaka kidevuni. Akacheka. Na hapa lazima mtu akielewe kicheko cha Bibi. Bibi ana jino moja la mbele lililopanda juu ya mwenzake, na tangu usichana wake, akicheka, kiganja kinawahi mdomoni kabla sauti haijatoka. Picha zake zote za kucheka ni picha za kiganja. Wajukuu wanaoishi mbali wanakijua kiganja cha bibi yao kuliko wanavyoujua uso wake. Siku ya harusi mikono ilikuwa na sahani, kwa hiyo kicheko kilitoka kizima, kichwa nyuma, jino nje, machozi yanamtiririka. Tulia akageuka, akamlenga, akabonyeza. Kamera kimya. Kitaa chekundu kinawaka. Kilipozimika, Bibi alishatua sahani na kiganja kiko kazini.

"Mjomba wa watu ninaye kuanzia kitini mpaka sakafuni," Mama Pacha alisema. "Mama yangu sina. Na kesho asubuhi kaka anakuja kumchukua akaishi kwake, huko ambako ili simu ishike lazima upande juu ya meza. Umeelewa nimepoteza nini?"

"Nimeelewa, dada. Ndiyo maana nakuomba nafasi nyingine. Si leo mchana mnamuaga..."

"Leo mchana tunamuaga, sisi na watu wetu. Wewe usikanyage kizingiti changu."

"Mama Pacha," ilisema sauti kutoka mapajani mwangu, "mume wangu si mvivu. Ni hiyo kadi yake ya memori."

Sauti hiyo ilikuwa ya Mke wa Tulia. Mimi ni msusi, na kiti changu cha kusukia kiko katikati ya mlango wa Tulia na mlango wa Mama Pacha. Sikukiweka hapo kwa bahati mbaya. Nilikuwa nimemaliza upande wa kulia wa kichwa cha huyo mama; upande wa kushoto ulikuwa bado umesimama wima, kama nao unaomba kuchangia hoja.

"Hata kama ni memori," Mama Pacha akajibu, "memori ya nani? Yangu? Kila mtu na chombo chake cha kazi. Msusi akija na chanuo lisilo na meno nitamlaumu nani, kichwa?"

"Usiniingize mimi," nikasema, ila kwa kweli nilikuwa nimeshaingia siku nyingi.

"Nimeshasema mtaani na nitaendelea kusema. Ukimwita Tulia, mwambie na wageni wako wacheke polepole." Akaingia ndani, akafunga mlango, na mara redio yake ikapandishwa sauti mpaka masufuria yangu yakatikisika. Redio ya Mama Pacha ni nyekundu, ina tundu la kadi ubavuni, na ndani yake wanaishi wanaume wanaoomba msamaha kwa wapenzi wao kuanzia asubuhi hadi giza linaingia.

Tulia akabaki amesimama uani na kamera yake. Ni mrefu, na mtu mrefu akiaibika anaonekana kutoka mbali.

"Yule binti wa mtaa wa nyuma ameghairi," alisema. "Yule niliyekuwa nimpige picha za kumaliza chuo. Amesema yeye hucheka haraka."

"Atarudi," mkewe akasema.

"Hatarudi. Na sijali. Yule bibi amenilea mimi hapa uani tangu nihamie. Nikiugua yeye ndiye anayegonga mlango na uji. Kesho anaondoka, na mimi, mtu ninayejiita mpiga picha, nimefunga breki kwa mjomba wa watu nikamkosa yeye." Akaivaa kamera vizuri. "Naenda dukani. Nataka kadi ya haraka."

Mke wa Tulia akanyanyuka pajani kwangu na nusu ya kichwa chake. "Nakuja. Nikikuacha uende peke yako utaletewa kubwa."

"Kubwa ninayo. Giga Mia mbili hamsini na sita."

"Ndiyo nasema."

Na mimi nikafunga mkoba wangu wa nywele. Msusi hawezi kuacha kichwa chake kikatembea mitaani peke yake katika hali ile, watu wangedhani ndiyo kazi yangu ilivyoishia.

Duka lenyewe ni jembamba, limebanwa kati ya muuza viatu na fundi wa simu, na wakiingia watu watatu, wa nne lazima atoke. Muuzaji ni dada mwenye kucha ndefu za zambarau, ambazo akizigonga juu ya kioo cha kaunta unasikia kama mvua inaanza. Alitutazama sisi, akatazama kichwa cha Mke wa Tulia, akaona aanze na Tulia.

"Nikusaidie nini, kaka?"

"Kadi ya haraka."

"Haraka ya nini?"

"Ya kicheko."

"Cha mtoto au cha mtu mzima?"

"Cha bibi anayeziba mdomo."

Dada akavuta pumzi. "Huyo ndiye mgumu. Lete kamera."

Akafungua mlango mdogo chini ya kamera, akabonyeza kadi ikaruka nje, akaishika kwa ncha za kucha mbili. Akaigeuza. Halafu akafanya kitu ambacho sikukitarajia: akaivuta ubavuni, na ndani ya kadi ikatoka kadi nyingine, ndogo kama ukucha wa mtoto.

"Kaka," alisema, "hii ni kadi ya simu. Imevishwa koti la mtu mzima."

"Lakini ni mia mbili hamsini na sita," Tulia akasema.

"Hiyo ni ukubwa wa tumbo. Wewe umekuja kuuliza mbio. Mtu mwenye tumbo kubwa anakimbia?"

Nilijua Tulia anamfikiria mjomba wa bwana harusi.

"Lakini hapa imeandikwa mia na sitini," mkewe akasema, akiweka kidole. "Kwa herufi kubwa kabisa. Mia na sitini kwa sekunde. Hiyo si mbio?"

"Hiyo ni mbio ya kutoa, mama. Ukiichomeka kwenye kompyuta, inakutolea picha upesi. Kamera haihitaji ya kutoa, inahitaji ya kupokea, na hiyo hawaiandiki mbele kwa sababu inawatia aibu. Unawajua watu wepesi wa kusimulia, ukianza kuwasimulia wewe wanasinzia?"

"Nawajua," tukasema wote wawili kwa pamoja, na tukakwepa kuangaliana.

"Basi ndiyo hii. Ukitaka kujua ya kupokea, tafuta hii herufi ndogo, V, na namba iliyo mbele yake. Hiyo ni ahadi: kwamba hata ikichoka vipi, haitashuka chini ya hapo. Yenu haina hata V. Haijaahidi kitu, mmejiahidi wenyewe."

Akarudisha ile kadi, akamrudishia Tulia kamera. "Shikilia kitufe. Mpige huyu dada," akanielekeza mimi. "Sisi tunahesabu."

Nikajiweka sawa. Tulia akasema "tulia hapo," nikatulia, akashikilia kitufe. Kamera ikaanza kwa mbwembwe, tra tra tra tra, kisha ikakohoa, kisha kimya. Kitaa chekundu kikawaka. Tukakaa tunakitazama kama watu wanaosubiri chai ichemke. Wakati huo mimi nilikuwa nimeshafumba macho, nimeshayafumbua, nimeshapiga chafya na kuomba radhi, na hakuna hata kimoja kilichopigwa.

"Ndivyo ilivyofanya kwa Bibi," Tulia akasema kwa sauti ndogo.

Dada akaleta nyingine, yenye V na thelathini. Ile ilikwenda mbali zaidi. Muuza viatu wa mlango wa pili aliyesikia mlio akaja kuhesabu na sisi, na kwa kuwa nafasi haikuwepo alihesabu akiwa barazani, kichwa ndani. Kadi ikafika mahali ikachoka, ikapumzika kidogo, ikaendelea kwa kuchechemea.

"Hiyo ni nzuri kwa mtu wa kawaida," dada akasema. "Lakini kwa mama anayewahi mdomo kwa kiganja, sikushauri. Atakuzidi pale pale inapochechemea." Akainama, akafungua droo ya chini yenye kufuli, akatoa kadi moja peke yake, akaiweka juu ya kitambaa kama pete. "Hii."

"Ina nini?" Tulia akauliza.

Akaigeuza kifudifudi. "Angalia mgongoni. Zile nyingine zina vijino safu moja, hapa juu. Hii ina safu ya pili chini yake. Safu mbili, milango miwili, picha zinaingia bila kugombania. Na kamera yako, sijui kama unajua, nimeona ndani ina meno ya kuzipokea zote mbili. Nani alikuuzia kamera hii?"

"Mzee mmoja mpiga picha. Alikuwa anastaafu."

"Alikuwa anajua alichonacho."

Wakaichomeka. Tulia akashikilia kitufe. Trrrrrrrr, kamera ikaenda kama cherehani, ikaenda, ikaenda, muuza viatu akapotelewa na hesabu, akaanza upya, akapotelewa tena. Mimi nilijaribu kila sura niliyo nayo nikaishiwa. Mpaka Tulia mwenyewe alipoondoa kidole ndipo ikanyamaza.

Akauliza bei. Dada akamwambia. Tulia akaichomoa kadi taratibu, akairudisha kwenye kitambaa kwa mikono miwili, kama anarudisha mtoto wa watu.

Na ndipo nikagundua kitu. Mke wa Tulia alikuwa amenyamaza. Huyu ni mwanamke anayezungumza hata akiwa na pini za nywele mdomoni. Nimemsuka miaka, sijawahi kusikia kimya chake, na kusema kweli kilinitisha.

"Shoga," nikamwambia, "umepatwa na nini?"

Alikuwa ameikazia macho ile kadi iliyolala kifudifudi. "Vijino safu mbili," akasema. "Nimewahi kuziona."

"Wapi?" mumewe akauliza.

"Nyumbani."

"Nyumbani kwetu? Lini?"

"Ile iliyokuja ndani ya kamera. Ile ndogo, uliyosema haina maana, ukaitupa kwenye kisahani cha vifungo."

Tulia akashika kaunta. "Iko wapi?"

Mkewe akahangaika kutafuta namna ya kulisema. Mwisho akalisema tu.

"Inaimba."

Njiani tukapewa habari kamili, tukitembea kwa mwendo ambao ulimfanya azungumze kwa vipande. Tulia alipoleta kamera nyumbani, aliitazama ile kadi, akaona imeandikwa thelathini na mbili, akasema mzee amemdhulumu, akaenda kununua ile ya tumbo kubwa. Wakati ule ule Mama Pacha akawa na redio mpya isiyo na kadi. Na ua letu ndivyo lilivyo: pasi yangu haijalala kwangu tangu mvua zilizopita, ngazi ya fundi wa choo ndiyo ngazi ya kila mtu, na ukisikia mtu anasema "kitu changu" ujue ni mgeni. Mke wa Tulia akapeleka kadi, akarudi na sufuria kubwa ya Mama Pacha ya kupikia wageni. Kila mmoja akamwambia mwenzake atarudisha kesho.

"Kwa hiyo siku ya harusi," Tulia akasema, akiwa amesimama katikati ya barabara, "kadi ilikuwepo ukumbini?"

"Hapana. Ilikuwa chumbani kwake, kwenye redio. Aliacha inaimba ili wezi wadhani kuna watu."

Tulia akaanza kutembea tena. Sikuweza kujua kama anacheka au analia, mgongo wake ulikuwa unatikisika tu.

Tulipofika uani, Mke wa Tulia akaingia kwao, akatoka na ile sufuria, ameipangusa mpaka inang'aa. Aliibeba mbele kama bendera ya amani. Tukajipanga mlangoni kwa Mama Pacha, sufuria mbele, mwenye kamera katikati, mimi nyuma nikiwa shahidi. Ndani redio ilikuwa inaomba msamaha kwa sauti ya juu. Tukagonga.

Mama Pacha akafungua, mwiko mkononi. Nyuma yake chumba kilikuwa kinanukia nyama na vitunguu, sahani zimeshapangwa mkekani, na Bibi ameketi kwenye kigoda, anakanda unga wa mikate kwenye beseni, mikono nyeupe mpaka kwenye viwiko.

"Nilisema nini kuhusu kizingiti?" Mama Pacha akauliza.

"Sijakikanyaga," Tulia akasema. Na kweli, alikuwa amesimamisha vidole vya miguu hapo hapo kwenye mstari.

"Tumekuletea sufuria," mkewe akasema.

Mama Pacha akaitazama. "Leo ndiyo umeikumbuka? Nimepika leo kwenye vijisufuria vinne kama muuza supu, ndiyo unaniletea?"

"Na tumekuja kuomba kitu chetu. Kile tulichobadilishana."

"Kipi?"

"Kadi. Iliyomo kwenye redio."

Akageuka kuitazama redio, kama mtu aliyeambiwa mgeni wake wa siku nyingi anatafutwa. Tulia akamweleza, bila kupamba: kwamba kadi ya haraka kuliko zote, ambayo ingemnasa Bibi siku ya harusi, ni hiyo iliyomo ubavuni mwa redio nyekundu.

Mama Pacha akasikiliza mpaka mwisho. "Ngoja nielewe. Unataka kuniambia kicheko cha mama yangu nimekizuia mimi?"

"Sijasema hivyo, dada."

"Umekuja na sufuria kuniambia mimi ndiye nimekikalia?"

"Aliyekupa ni mke wangu, na aliyeitupa ni mimi. Nilidhani kubwa ndiyo nzuri."

"Mimi nilidhani kinachoimba ni redio," Mama Pacha akasema, na hasira ikaanza kumpungukia hivi hivi, bila yeye kupenda. Akashusha mwiko.

"Wewe mtoto," Bibi akasema kutoka kwenye kigoda, bila kuinua kichwa, "wape watu kadi yao. Tena afadhali. Hao wanaume wanalia humo kila siku wasamehewe. Mngekuwa mmeshawasamehe wangeshaenda zao."

Sote tukamwangalia haraka. Hakucheka. Bibi akisema jambo la kuchekesha huwa anakaza uso kama anasoma tangazo la maji kukatwa.

Mama Pacha akabonyeza ubavu wa redio. Kadi ikaruka, na wimbo ukakatika katikati ya "nirudi." Chumba kikawa kimya cha ajabu. Tulia akaipokea kwa mkono ulionyooshwa juu ya kizingiti, akaigeuza. Vijino safu mbili. Akaichomeka kwenye kamera, akaiwasha, uso ukamwanguka.

"Imejaa," alisema. "Nyimbo zimejaza yote."

"Aliyeniwekea nilimwambia ajaze mpaka juu," Mama Pacha akasema. "Zipo ambazo hazipatikani tena. Zipo za ujana wangu humo."

"Nitazihamisha kwanza..." Tulia akasema, kisha akakumbuka. "Kompyuta yangu iko kwa fundi."

"Basi njoo kesho."

"Kesho Bibi hayupo." Akamsogelea Mama Pacha kadiri kizingiti kilivyomruhusu, akashusha sauti. "Dada, mtazame mikono. Iko kwenye unga sasa hivi. Akishamaliza akanawa, kiganja kimerudi. Na kamera haizioni nyimbo, haiwezi kuchagua ya kuacha na ya kutoa. Ni kufuta zote, au basi."

Mama Pacha akatazama redio. Akamtazama mama yake, anavyobonyeza unga kwa ngumi, anaukunja, anaubonyeza tena.

"Zote?"

"Zote."

"Hata ule wa tatu? Ule wa yule mwanamke anayeimba polepole?"

"Haibakizi, dada."

"Ule niliupata shida." Halafu akajipangusa mikono kwenye nguo, akanyoosha shingo. "Futa. Lakini subiri niuage."

Na kabla hatujaelewa ana maana gani, Mama Pacha akafumba macho na kuanza kuimba wimbo wa tatu.

Sasa, mimi nampenda jirani yangu. Lakini sauti ile haikuumbwa kwa ajili ya kazi hiyo. Ilianza mahali pa chini, ikapanda bila kuangalia inakopanda, ikafika juu ikakuta hakuna kitu cha kushika, ikarudi chini kwa kuburuza. Alikuwa anaimba kwa moyo wake wote, mwiko kifuani, chozi moja linashuka. Kidole cha Tulia kilikuwa kimeshabonyeza kufuta, na kamera ilikuwa tayari iko jichoni. Na safari hii hakusema "tulia hapo." Nilimsikia alivyolimeza lile neno.

Kwenye kigoda, mabega ya Bibi yakaanza.

Aliukaza uso, akashindwa. Akauinamishia unga, akashindwa. Mama Pacha akaipandia noti nyingine, na hiyo ndiyo iliyomaliza kazi: Bibi akarusha kichwa nyuma, kicheko kikatoka. Mkono wake wa kulia ukanyanyuka, kama ulivyozoea maisha yake yote, ukafika usawa wa kidevu, na hapo Bibi akauona. Umejaa unga, kidole na kidole vimegandana kama vya bata. Ukasimama hewani, hauendi mbele, haurudi nyuma. Akaucheka na mkono wenyewe. Trrrrrrrr, kamera ikaenda, Bibi akacheka, kamera ikaenda, Mama Pacha akafumbua macho akauliza "mnamcheka nani?", Bibi akazidi, kamera ikaenda. Nilikuwa natazama pembeni pale panapowaka kitaa chekundu. Muda wote hakikusimamisha kitu.

Tulia alipoacha, jasho lilikuwa linamtoka kama amekimbia yeye.

Akaigeuza kamera, akamnyooshea Mama Pacha kioo. Wakapitisha moja moja. Mama Pacha alifika kwenye moja, ile mkono uko hewani na mdomo wote uko wazi, akaitazama, kisha akampelekea mama yake pale kwenye kigoda, kamba ya kamera ikiburuta.

Bibi akasogeza uso karibu. "Huyu ni mimi?"

"Ni wewe, mama."

Akaitazama tena. Akatoa ulimi akaligusa lile jino, kama anahakikisha ndilo. "Kumbe jino lenyewe ni hili tu," akasema. "Na mimi miaka yote nalinda."

Akarudi kwenye unga wake. Mama Pacha akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa, akairudisha kamera mlangoni, na ndipo akaona kwamba Tulia bado amesimama pale pale, vidole vya miguu kwenye mstari, mwili wote umeinama ndani kama mtu anayechungulia kisima.

"Kadi inabaki kwako," akamwambia. "Lakini ile ya tumbo kubwa naichukua mimi. Redio haikimbii."

"Ni yako, dada."

"Na sufuria nimeipokea, msije mkasema sikuipokea." Akamgeukia mkewe. "Wewe, hicho kichwa kitasukwa lini?"

"Akishiba msusi," nikasema mimi, maana nilikuwa nimeshaona sahani.

Mama Pacha akaguna. Akachukua sahani nyingine rafuni, na nyingine, na nyingine, akaziweka mkekani pamoja na zile zilizokuwepo, akisogeza hii na ile mpaka nafasi ikapatikana. Halafu akamtazama Tulia, aliyekuwa bado anasubiri kwenye kizingiti kama ameshonwa hapo.

"Na wewe utasimama mlangoni mpaka lini, unanizibia hewa? Vua viatu, mdogo wangu. Ingia ule."